Kahawa Aliyoikataa Bi Rukia

Kosa la kwanza mnalofanya nyinyi vijana ni kununua kahawa nyingi kwa mkupuo. Mjukuu wangu aliniletea mkebe mkubwa Krismasi, akaniambia kwa furaha, "Nyanya, hii utakunywa mwaka mzima." Nilimshukuru, kwa sababu zawadi ni zawadi. Lakini kahawa iliyokwisha kukaangwa ni jamaa ya mkate, si jamaa ya mahindi. Haiwekwi ghalani. Nunua ya wiki mbili, ikiisha urudi dukani. Na ukifika dukani usianze na bei. Uliza imekaangwa siku gani. Muuzaji akianza kutazama dari, muage uondoke.

Haya sikuyasoma mahali. Nilikaanga kahawa katika duka moja la mji wa Meru tangu nikiwa msichana hadi magoti yaliponikataza kusimama mbele ya moto. Duka lilikuwa la Bi Rukia, mjane wa mwenye lori, Mwislamu ambaye ukoo wake ulihamia Meru zamani sana hata yeye hakujua ni lini. Kimeru alikijua kuliko mimi niliyetoka upande wa Nkubu. Asubuhi alikuwa akinisalimu "Muuga, Kanana," kabla sijafungua mdomo. Kanana ndilo jina langu.

Kwetu tulikuwa na shamba zima la mibuni na hakuna mtu aliyekuwa ameonja kahawa. Msishangae, ndivyo ilivyokuwa kwa wengi. Mkulima alichuma, akapeleka faktori ya kuoshea na kuanikia kahawa, akarudi nyumbani kunywa chai. Nilipompelekea baba yangu kikombe cha kwanza, alikinywa chote kwa heshima, akapangusa midomo, kisha akauliza, "Sasa hii inatibu nini?"

Bi Rukia alifundisha kwa kukupa kazi na kunyamaza. Mwezi wangu wa kwanza nilifunga kahawa kwenye debe ikiwa bado moto. Kesho yake ilikuwa imetoa jasho kama mhubiri wa sokoni. Hakunigombeza. Alinipa debe nikaimwage mwenyewe, mbele ya wateja. Mara nyingine niliweka pakiti kwenye rafu moja na sabuni za kufulia. Mwalimu Mutuma, mteja wetu wa kutoka Nkubu, alirudi Jumamosi iliyofuata akasema hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kunywa kahawa na kuoga kwa wakati mmoja. Tangu hapo najua, na nyinyi mjue: kahawa hunyonya kila harufu iliyo jirani. Iweke kwenye kopo kavu lenye kifuniko, mbali na vitunguu, mbali na mafuta ya taa. Wala usiiweke kwenye friji, itanyonya samaki.

Kahawa ikikaangwa hulia. Kwanza hupasuka kwa sauti kubwa, kama bisi. Ukingoja, hulia tena kwa sauti ndogo, kama vijiti vikavu vikivunjwa. Watu wetu wa Meru tuliwatolea kati ya kilio cha kwanza na cha pili. Wale wa kunywa chungu, kwa vikombe vidogo, tulingoja cha pili. Hayo nilijifunza kwa sikio. Kuchagua kahawa mbichi kulikuwa kazi ya Bi Rukia peke yake, na alichagua kwa pua.

Gunia likifika, alilifungua, akapitisha mkono ndani hadi kwenye kiwiko, akashika kahawa ya katikati, akautoa mkono na kunusa kiganja. Juu ya gunia, alisema, kila mtu huweka nzuri. Alinusa mara moja tu. Akisema "ndiyo," lori lilishusha. Akisema "hapana," hakuna aliyebishana, hata mpwa wake Hamisi aliyetuletea kahawa kutoka upande wa Embu. Hamisi alikuwa mtoto wa kaka yake, kijana mchangamfu wa miaka thelathini hivi, mwenye lori la buluu alilolipenda kuliko ndugu zake.

Miaka hiyo ya tisini kahawa haikuuzwa kama nyanya za sokoni. Ilikuwa na sheria nyingi na vibali vingi, na malipo yalichelewa mpaka mkulima akasahau alichuma nini. Wengi waliiacha mibuni yao. Kuing'oa kulikuwa kosa, basi walipanda mahindi na maharagwe katikati yake, wakaiacha ife yenyewe. Kahawa nzuri ikawa adimu. Iliyokaa ghalani ikachanganywa na mpya. Hapo ndipo pua ya Bi Rukia ilipokuwa na thamani, na ndipo ilipokufa.

Ilikuwa baridi ya mwezi wa saba. Alipata homa kali, akalala juma zima, akarudi dukani amekonda lakini ana nguvu. Sikuona tofauti yoyote mpaka Hamisi alipoleta magunia manne. Bi Rukia akapitisha mkono, akanusa, akasema "ndiyo." Nilipoweka kahawa ile kwenye moto, moshi wake ulikuwa na harufu ya godoro lililonyeshewa.

"Mama," nikamwambia, "hii ina ukungu."

"Ni pua yako, Kanana. Baridi imekushika."

Alikuwa mkubwa wangu na mwalimu wangu. Nikakaanga, tukauza. Watu wa kwetu wana adabu inayoweza kuua biashara: hawakulalamika, waliacha tu kuja. Mwalimu Mutuma peke yake ndiye aliyerudi na pakiti yake, akaiweka kwenye kaunta taratibu. "Labda ni maji yetu ya Nkubu," akasema, akinitazama mimi, si Bi Rukia.

Siku chache baadaye nilitoka nje kupepeta. Niliporudi ndani, maziwa yalikuwa yamefurika kwenye jiko na kuungua, duka zima limejaa ule moshi mchungu, na Bi Rukia ameketi hapo karibu, ameyapa mgongo, anachambua kahawa kwenye ungo. Hakugeuka. Niliepua sufuria. Sauti ya sufuria ndiyo iliyomgeuza. Aliyatazama maziwa, akanitazama mimi, akaweka ungo chini.

"Funga mlango," akasema.

Nilifunga.

"Tangu ile homa, Kanana, kila kitu kimekuwa maji. Pilau, sabuni, udi, yote maji. Ulimi umebakiwa na uchungu na sukari tu. Nilidhani itarudi."

"Tuseme kwa Hamisi, atafute kahawa kwa uangalifu zaidi?"

"Hamisi," akasema, "anajua."

Baadaye nilielewa jinsi alivyojua. Aliwahi kuleta gunia lililosafiri juu ya dumu la mafuta ya taa lililovuja. Alikuja akiwa tayari kuomba msamaha, na shangazi yake akalisifu. Mtu mwema angesikitika. Hamisi alisikitika, nadhani, kisha akaanza kuleta chochote kilichopatikana kwa urahisi.

Tukapanga mbinu. Bi Rukia angeendelea kupitisha mkono na kunusa kiganja kama kawaida. Mimi ningepita na karai, nimwage kahawa kidogo, ninuse, kisha nimwambie jambo lolote. Nikimwita "Mama," gunia ni zuri. Nikimwita "Bi Rukia," libaki kwenye lori. Ilifanya kazi vizuri kwa muda. Lakini siku moja Hamisi alileta magunia sita, yote mabovu, nami nikajikuta nauliza, "Bi Rukia, chai niweke? Bi Rukia, mkaa umebaki kidogo. Bi Rukia, huyu paka ni wetu?" Hatukuwa na paka. Hamisi alitutazama kwa zamu, akacheka mpaka akaegemea lori.

Kisha akaacha kucheka. "Shangazi, wewe sasa unanunua kwa pua ya mfanyakazi. Mimi sisemi vibaya. Lakini duka ni la familia. Nipe mimi niliendeshe, wewe upumzike. Watu wakijua haunusi, nani atakuja hapa?"

Alikuwa na hoja, na hilo ndilo lililouma. Jina la duka lilikuwa pua ile. Siku hiyo Bi Rukia alimpa chai, akamrudisha na magunia yake sita.

Jumamosi, siku ya soko, duka lilipojaa, alipanda juu ya kigoda. Alikuwa mfupi na hakupenda kupanda vitu. Akasema kwa Kimeru, ili hata wanawake waliotoka mbali waelewe, kwamba pua yake imekufa, kwamba miezi miwili wamekunywa kahawa mbovu na yeye ndiye aliyewauzia, na kwamba mwenye pakiti airudishe abadilishiwe. Akanyoosha kidole kwangu. "Tangu leo anayenusa ni huyu. Asiyemwamini, soko ni kubwa."

Watu wawili waliondoka. Mwalimu Mutuma akauliza kama na yeye angeweza kurudisha ile ya sabuni, watu wakacheka, na biashara ikaendelea. Hamisi alisikia habari kabla ya jua kutua. Alituma ujumbe kwamba tutafute lori lingine.

Ndivyo ilivyotokea kwamba mwezi wa Desemba, mvua zikiwa zimekatika, mimi na Bi Rukia tulishuka Embu kutafuta kahawa wenyewe. Sheria zilikuwa zimeanza kulegea kidogo, na kwa kibali cha duka tuliweza kuongea na vyama vya wakulima moja kwa moja. Tulilala kwa rafiki yake mtaa wa Dallas, hapo hapo Embu mjini, na asubuhi tukapanda milimani, mimi nimebeba kikaango, kinu kidogo na buli.

Faktori ya kwanza ilikuwa kubwa na safi, vitanda vya kuanikia vimepangwa kama makaburi ya mapadri. Mwenyekiti wake, Bwana Nyaga, alitupokea vizuri sana. Alitupa kahawa kavu ya msimu huo. Niliiuma kwanza. Hilo pia shikeni: kahawa mbichi iliyokauka vizuri huvunjika kwenye jino, mbovu hubonyea kama jibini. Hii ilivunjika. Nikaitwanga kuondoa ganda, nikaikaanga, nikaacha ipoe, nikaisaga, nikaitia maji. Vijana, sijawahi kunusa kahawa kama ile kabla wala baada. Ilikuwa na harufu ya ndimu na ya sukari inayoanza kuungua, yote pamoja, na ilikaa mdomoni hata baada ya kikombe kukauka.

"Mama," nikasema. "Mama, Mama, Mama."

Bwana Nyaga akacheka bila kujua kwa nini. Bi Rukia hakucheka. Alikuwa ameweka kikombe chake chini, kimejaa nusu, anatazama mfereji uliotoka kwenye matangi ya kuoshea.

"Hayo maji yanaenda wapi?" akauliza.

"Mtoni, Mama. Ni maji tu ya kuosha kahawa."

Akainuka, akaufuata mfereji. Tulishuka naye hadi mtoni. Pale mfereji ulipoingilia, mto uligeuka rangi ya chai ya maziwa, na maganda yalikuwa yamelundikana ukingoni, meusi, inzi juu yake. Palinuka vibaya. Mimi niliyekuwa na pua niliinusa harufu ile na sikuijali, kwa kuwa kwetu pia ndiyo harufu ya msimu, tumezaliwa nayo. Yeye ambaye hakunusa kitu ndiye aliyesimama akatazama.

Mama mmoja alikuwa akipita kwa njia ya juu, mtungi wa plastiki mgongoni, kamba kichwani. Bi Rukia akamsalimu, akamuuliza mbona hateki hapo, mto u karibu.

"Wakati wa kahawa hatuteki hapa," mama yule akasema. "Hata ng'ombe inakataa. Tunapanda mpaka kwa chemchemi, huko juu."

"Na wa chini?"

"Chini ni Umbeere. Huko hakuna chemchemi. Wanakunywa tu. Watoto wanaendesha tumbo, wanasema ni malaria." Akaikaza kamba, akaendelea na safari yake.

Bwana Nyaga alikuwa amesikia. "Mama, hiyo maji ikifika huko chini inakuwa imesafika," akasema. "Mto unaisafisha. Tumefanya hivi tangu faktori ijengwe."

"Kahawa yenu ni nzuri," Bi Rukia akamwambia. "Kanana ameniambia, nami namwamini. Siichukui."

Njiani nilikasirika. Nilimwambia tumekuja mbali, kwamba duka halina gunia hata moja, kwamba wateja wanakunywa kahawa, hawanywi mfereji. Nilimwambia pia kwamba yeye ndiye aliyenifundisha kuamini pua, na pua imesema.

"Pua inakwambia kahawa ikoje," akajibu. "Haikwambii imemfanyia nani nini. Mimi nilipokuwa na pua sikuuliza kitu kingine miaka yote. Nilikuwa nikinusa, namaliza." Alitembea kidogo. "Haya, nikasirikie tu. Lakini tembea, jua linakuwa kali."

Tulizunguka siku mbili. Mahali pengine kahawa ilikuwa na udongo, pengine walitaka tuchukue ya zamani kwanza. Mwishowe tulifika kwenye faktori ndogo, mabati yake yana kutu, ambayo nisingeiangalia mara mbili. Wakulima wake walikuwa wamechimba mashimo mapana mbali na mto, maji ya kuosha yakaingia humo na kunyonywa na ardhi. Maganda waliyarudisha shambani kama mbolea. Mashamba yenyewe yalikuwa na miti ya kivuli, miringa na makadamia, katikati ya mibuni, majani yameanguka yakafunika udongo, na ukichimbua kwa kidole udongo ulikuwa na unyevu ingawa mvua ilikuwa imeacha. Bi Rukia aliuliza maswali mpaka wakachoka: nani anachuma, wanachuma nyekundu tu au na kijani, wanalipwa lini. Walipenda swali la mwisho. Akawaahidi kuwalipa siku ya kuchukua, si msimu ujao, na ahadi hiyo aliitimiza mpaka alipokufa.

Nilikaanga kahawa yao. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa ya kunywa kila siku, laini, yenye harufu ya karanga, bila ile ndimu. Nilimwita "Mama" mara moja tu. Akanielewa, akanunua.

Wateja waliopotea hawakurudi wote. Waliobaki walizoea kuuliza, maana kila aliyenunua alihadithiwa habari za mashimo yale apende asipende. Mwalimu Mutuma alisema sasa kahawa ya Bi Rukia inakuja na somo la jiografia. Na Hamisi? Alibeba mbao kwa muda, akachoka. Siku ya Idi alikuja na mfuko wa sukari, akaketi, akala, akasema lori liko. "Lori nalitaka," shangazi yake akamwambia. "Kuchagua, hapana." Akakubali. Alitubebea magunia yetu miaka mingi, na hakuwahi tena kubeba mafuta ya taa kwenye lori lile.

Basi mkiniuliza nyinyi mnaotaka kunywa kahawa nyumbani mchague vipi, nitawaambia yale yale. Punje ziwe nzima, ukubwa unaolingana, zisiwe na mafuta yanayong'aa kupita kiasi. Saga ile utakayokunywa sasa hivi tu. Nusa. Kisha, ukishapenda harufu yake, uliza imetoka wapi, na maji yake yalikwenda wapi, na kama aliyeichuma alilipwa. Muuzaji asiyejua anaweza kwenda kuuliza. Sisi tulikwenda kwa miguu.

Ulipita msimu, ukapita mwingine. Siku moja, wakati wa kuchuma, Bwana Nyaga aliingia dukani. Alikuwa amevaa koti na amebeba chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi la mahindi. Alisalimu, akaiweka chupa kwenye kaunta. Ndani mlikuwa na maji.

"Nimeyateka leo asubuhi, Mama," akasema. "Chini ya faktori. Na mashine zinazunguka."

Akatueleza. Baada ya sisi kuondoka, wanachama walitucheka: mwanamke mmoja wa Meru anunuaye magunia machache, atatufundisha nini? Lakini yule mama wa mtungi alikuwa mwanachama, kwa jina la marehemu mume wake. Kwenye mkutano alisimama akauliza, ikiwa kahawa imekataliwa kwa sababu ya maji ambayo yeye mwenyewe hayanywi, kwa nini wanamcheka mnunuzi. Waligombana mwaka mzima. Halafu wakachimba mashimo.

Bi Rukia alichukua chupa, akaenda nayo mlangoni, akaiinua kwenye mwanga. Akanipa mimi. Nilitoa gunzi, nikanusa. Ilikuwa harufu ya mawe na majani, basi.

"Mama," nikasema, "maji haya niyafanye nini?"

"Chemsha. Tengeneza kahawa."

Niliyachemsha sana, nikatengeneza. Akamimina vikombe viwili, akampa Bwana Nyaga kimoja, na yeye akashika chake bila kukigusa mdomoni. Mgeni akaelewa. Akanywa, polepole, mpaka chini, na sisi tunamtazama.

"Ikoje?" Bi Rukia akamuuliza.

"Ni nzuri, Mama. Nzuri kabisa."

"Mimi siwezi kujua," akasema. "Nashika neno lako." Akanywa chake chote, akafunika kikombe kwenye kisahani, akamwita Hamisi atoe lori la kwenda Embu.